Alama kumi za mtoto mwenye adabu

Katika safu iliyopita niligusia kwamba uhusiano kati ya kijana na mnasihi wake unaweza kupimwa, na kwamba sisi tunaokaa na vijana tunapaswa kuupima. Barua zilizokuja ni nyingi, nyingine za kukubali, nyingine za kunishangaa. Nimechagua tisa. Neno "mnasihi" nalitumia kwa yeyote anayempa kijana tiba ya mazungumzo, awe mwanasaikolojia wa hospitali, mshauri wa shule au mwezeshaji aliyepewa mafunzo ya wiki chache.

Dada, habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa unasihi katika shule ya sekondari, Tanga. Kuelewana na mwanafunzi ni jambo unalolihisi mwenyewe. Sasa hapo unapima nini?

Nzuri, mwalimu. Unachokihisi ni kweli, ila ni cha upande mmoja, upande wako. Mwaka 1979 mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Bordin, aliandika kwamba uhusiano wa tiba umesukwa kwa nyuzi tatu. Wa kwanza, mnakubaliana mnakokwenda? Wa pili, mnakubaliana juu ya njia, yaani yale mnayoyafanya mkikutana? Wa tatu, mnaaminiana na kujaliana? Vipimo vingi vya leo vimetokana na maswali hayo.

Mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake hana shida kubwa na uzi wa kwanza. Kijana ameletwa. Ameletwa na mama, na mwalimu wa nidhamu, na mjomba aliyetoa nauli. Chukua mvulana wa kidato cha tatu anayetoroka shule. Mkuu wa shule anataka arudi darasani, mama anataka afaulu, naye anachotaka ni watu waache kumlinganisha na kaka yake. Unaweza kukaa naye mkazungumzia mpira, mkacheka, akakupenda kabisa, na bado asijue kwa nini kila Jumanne saa nane anaitwa ofisini kwako. Uzi wa tatu ni imara, wa kwanza haujafungwa. Ukiutegemea moyo wako utasema tunaelewana. Umwulize basi: "Hili tunaloshughulikia hapa ndilo unalolitaka wewe?" Usishangae akinyamaza.

Anna Freud, aliyefanya kazi na watoto Vienna na baadaye London, aliliona hili tangu miaka ya 1920. Alisema mtoto haji kwa uamuzi wake, haoni kwamba anaumwa, na mara nyingi hatamani kutibiwa. Kwa hiyo alitenga kipindi cha mwanzo cha kumvuta mtoto na kujenga naye ukaribu kabla ya kazi yenyewe. Vijana wetu wanastahili kipindi hicho. Ratiba zetu za shule haziwapi.

Naomba majina ya vipimo vyenyewe. Nasoma saikolojia mwaka wa tatu, Dodoma, na naandika utafiti wa shahada.

Kinachotumika zaidi ni Working Alliance Inventory, kilichotolewa mwaka 1989 na Adam Horvath na Leslie Greenberg. Kirefu kina vipengele 36, kifupi 12. Kilitungwa kwa ajili ya watu wazima, na mtoto wa miaka 13 akipewa kirefu atachoka kabla hajafika nusu. Kwa watoto kuna Therapeutic Alliance Scale for Children cha Stephen Shirk na mwenzake, cha mwaka 1992, ambacho baadaye kilirekebishwa kwa vijana. Ninakipenda kwa sababu hakiulizi mazuri tu. Humuuliza mtoto kama anafurahia kumwona mnasihi, kisha humuuliza pia kama akiwa ndani anatamani kikao kiishe upesi.

Kipo kifupi kuliko vyote, Session Rating Scale, chenye mistari minne ya sentimita kumi kila mmoja. Kijana huweka alama kwenye mstari mwisho wa kikao: nilisikilizwa, tulizungumza ninayoyataka, njia ilinifaa, kwa jumla kikao kilikuwa sawa. Cha watoto wadogo kina nyuso za kucheka na za kununa.

Halafu kuna vipimo vya jicho la tatu, ambapo mtu aliyefunzwa hutazama au husikiliza kikao kilichorekodiwa na kutoa alama. Bryce McLeod na John Weisz walitoa kimoja mwaka 2005 chenye vipengele tisa, na kwa vikao vya familia kipo cha Myrna Friedlander na Valentín Escudero. Hivi vina gharama na vinahitaji ridhaa ya kurekodi. Thamani yake ni kwamba kijana na mnasihi mara nyingi hawalingani katika alama wanazotoa, na ni vizuri awepo asiyekuwa na upande.

Kwa shahada ya kwanza, chukua kifupi kimoja, ukijaze pande mbili, kijana na mnasihi, halafu uandike juu ya tofauti zao. Tofauti hizo zitakufundisha kuliko wastani wa alama. Na uwaandikie wenye kipimo kuomba ruhusa kabla hujatoa nakala hata moja.

Daktari, mimi ni mshauri katika kituo cha vijana, Mombasa. Natumia hicho cha mistari minne. Nina vijana ishirini na wawili, na karibu wote hunipa kumi kwa kumi kila wiki. Nifurahi?

Usifurahi bado, ndugu yangu. Barua yako ndiyo iliyonifanya niandike yote haya, kwa hiyo nitakaa nayo.

Mtazame mtoto wetu alivyolelewa. Mgeni akiingia, anaamkia. Akiulizwa chakula kikoje, anasema kizuri. Akipewa kitu, anapokea kwa mikono miwili. Leo mtu mzima mwenye ofisi, mwenye faili lenye jina la mtoto huyo, anamkabidhi karatasi na kumwambia "nipime", huku akimtazama. Ataweka alama wapi? Mwisho kabisa wa mstari, upande wa kicheko. Alama ile ni shikamoo. Ameitoa kwa sababu umri wako unaidai, na kikao chako hakijaguswa.

Ongeza na woga. Fomu ambazo mtoto wa shule anazijua ni za mtihani, za nidhamu na za ada. Hakuna hata moja aliyowahi kuijaza ikamletea faida. Hii ya kwako ataiaminije?

Alama kujazana juu ni tatizo linalojulikana hata huko vipimo vilikotungwa. Ndiyo maana watunzi wa hicho ulicho nacho waliweka mpaka juu sana: 36 katika 40. Ikishuka chini ya hapo, hata ikiwa 35, mnasihi anatakiwa asimame na kuuliza. Wao walijua kwamba 35 inaweza kuwa mtu anayelalamika kwa upole. Kwetu sisi hata 39 inaweza kuwa kelele.

Nililipa kulijua hili. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na msichana wa miaka 15. Vikao sita, alama kamili mara sita. Nikazitia kwenye faili kwa furaha. Kikao cha saba hakuja, cha nane hakuja. Baadaye shangazi yake akaniambia. Tangu siku ya kwanza nilikuwa nikimkumbusha mtoto yule jinsi mama yake anavyomhangaikia na kumpenda, na mama yake ndiye aliyekuwa akimpiga. Kwake yeye nilikuwa mtu wa upande wa mama. Na kwenye mstari wa "nilisikilizwa" alikuwa ameniwekea kumi mara sita.

Kosa lilikuwa langu, na lilianza kwenye karatasi. Nilimpa kalamu nikiwa nimekaa hatua moja mbele yake. Nikaipokea karatasi kwa mkono wangu, nikaisoma hapohapo, nikasema, "Ahsante, umenipa zote!" Baada ya neno hilo, angenipunguziaje wiki inayofuata?

Siku hizi nafanya hivi. Kabla ya karatasi namwambia kijana kwamba akinipa kumi sitajua cha kurekebisha, na kwamba kazi yake siku hiyo ni kunisaidia nisikosee. Halafu natoka nje. Karatasi anaitia kwenye kisanduku mwenyewe, na nikirudi tunaagana bila kuitaja. Kikao kinachofuata naanza nayo. Sisemi "mbona umenipunguzia", maana hapo nimeshamgombeza. Namwuliza, "Kama leo tungebadilisha kitu kimoja kidogo, tungeanza na kipi?" Mtoto asiyeweza kumwambia mkubwa kwamba amekosea, anaweza kumwomba abadilishe kitu. Adabu inaruhusu kuomba.

Wa kwanza kunipa alama ya chini baada ya kubadili utaratibu alikuwa mvulana wa miaka 16. Alinipa nne kwenye mstari wa njia. Alichokitaka ni tusikae tukitazamana uso kwa uso, kwa sababu ilimkumbusha kuhojiwa. Tukaviweka viti pembeni, wote tukitazama dirishani. Wiki ile alizungumza dakika arobaini.

Kwa hiyo wewe tazama mwendo wa alama, usitazame urefu wake. Kijana aliyetoka 38 akafika 34 amekuambia kitu. Aliyekaa kwenye 40 miezi mitatu hajakuambia chochote, na inawezekana ana mengi.

Assalaam alaykum. Binti yangu ana miaka 14, tuko Unguja. Mimi ndiye ninayelipa na ninayempeleka. Kila akimaliza hujaza karatasi na mimi sionyeshwi. Ni haki kweli?

Waalaykum salaam, mama. Naelewa inavyouma kukaa kwenye benchi la nje huku mtoto wako akimwambia mgeni ambayo hakukuambia wewe. Lakini ukionyeshwa karatasi ile, kuanzia siku hiyo atakuwa anakujazia wewe.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili. Binti alikuwa na somo wake, mwanamke mkubwa aliyemfunda. Mama hakumhoji somo kila neno aliloambiwa, wala hakuona amedharauliwa. Alijua yapo yanayosemwa kwa somo kwa sababu hayasemeki kwa mama. Mnasihi wa binti yako anaomba nafasi inayofanana na hiyo, na mipaka yake ni hii: akijua maisha ya mtoto yamo hatarini, au kuna mtu anamdhuru, hatanyamaza. Hilo mtoto anapaswa kuelezwa siku ya kwanza, nawe uwepo ukisikia.

Ila una haki ya jambo lingine ambalo vituo vingi vinakunyima. Uhusiano wako wewe na mnasihi nao hupimwa. Mwaka 2005 Kristin Hawley na John Weisz walichapisha uchunguzi waliofanya kwenye kliniki za kawaida huko Marekani. Uhusiano wa kijana na mnasihi ulikwenda pamoja na kupungua kwa dalili za ugonjwa, na uhusiano wa mzazi na mnasihi ulikwenda pamoja na mahudhurio: vikao vichache vilivyoahirishwa, familia kushiriki zaidi. Maana yake mtoto asipokuwa na mzazi anayemwamini mnasihi, hafiki hata mlangoni. Omba dakika kumi na tano zako mwenyewe kila mwezi, na uombe karatasi yako mwenyewe. Hiyo ijaze kwa ukali wote unaouona unafaa.

Nafanya kazi ya kutafsiri nyaraka za afya, Dar es Salaam. Nimepewa dodoso la aina hiyo nilitie kwenye Kiswahili, nalo linaonekana jepesi. Una la kuniambia?

Ninalo, na nakuomba uniwie radhi kwa urefu, kwa kuwa hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika.

Anza na kauli inayosema, kwa maana yake, kwamba mtu anaamini mnasihi anampenda. Kwa Kiingereza lipo neno la kupendezwa na mtu na lipo jingine la mapenzi. Sisi kupenda ni kupenda. Mpe msichana wa miaka 14 sentensi "Naamini mnasihi wangu ananipenda", na mnasihi ni mwanamume wa miaka thelathini. Atashtuka, ataona haya, au ataweka sifuri kumkana. Na akiipeleka nyumbani karatasi hiyo, baba atakuja ofisini. Niliwahi kusaidia kundi lililojaribu "ananijali", na vijana waliielewa vilevile ilivyokusudiwa.

Kisha "tunaheshimiana". Kwetu heshima hupanda kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa. Kijana husoma sentensi hiyo kama swali la tabia yake: je, mimi namheshimu? Bila shaka, sikulelewa porini. Kama unataka kujua iwapo mnasihi anamheshimu kijana, igawe. "Mnasihi hunichukulia kama mtu mwenye akili yake" itakupa jibu ambalo "tunaheshimiana" haitakupa kamwe.

Mtego wa tatu ni kauli za kukanusha. Mswahili akiulizwa "Hukuja jana?" na kweli hakuja, hujibu "Ndiyo, sikuja." Ndiyo yetu inakubaliana na kauli ya mwulizaji. Dodoso likisema "Sioni faida ya tunayoyafanya hapa" na majibu yakawa ndiyo na hapana, wewe unayejumlisha alama na kijana aliyejibu mnaweza kuwa mmepishana kabisa bila yeyote kujua. Zigeuze kauli hizo ziwe za kukubali, au ujibishe kwa maneno kamili.

Tukija kwenye ngazi za majibu, nakuomba uiache "mara kwa mara". Wasomaji wengine huifahamu kama mara nyingi, wengine kama mara mojamoja. Nimewahi kuona chumba kimoja cha vijana kumi kikigawanyika katikati kwa neno hilo. "Malengo" nalo lina harufu ya semina. "Jambo tunalotaka libadilike" ni refu, ila linaeleweka kwa aliye kidato cha kwanza.

Utaratibu wa kutafsiri, mwingine kurudisha kwenye lugha ya mwanzo, kisha kulinganisha, ufuate. Lakini usiishie hapo. Kaa na vijana sita au saba wa umri unaohusika, mmoja mmoja, umwombe asome kila kauli na akuambie kwa maneno yake inauliza nini. Kwa Nairobi utasikia Sheng, kwa Pemba utasikia mengine. Dodoso moja halitoshi pwani na bara bila kuguswa, na nawaonea huruma vijana waliopewa tafsiri iliyofanywa mezani usiku mmoja.

Nasimamia mradi wa afya ya akili ya vijana, Nairobi. Wafadhili wanataka namba. Je, alama hizi zinatabiri chochote? Na naweza kuzitumia kupima wafanyakazi wangu?

Zinatabiri kidogo, na kidogo hicho kinajirudia. Shirk na Marc Karver mwaka 2003 walikusanya tafiti 23 za watoto na vijana, wakapata uwiano wa karibu 0.2 kati ya uhusiano na matokeo ya tiba (0 ni kutohusiana kabisa, 1 ni kwenda pamoja daima). McLeod mwaka 2011 alikusanya tafiti 38 akapata 0.14. Karver na wenzake mwaka 2018 wakarudi karibu na 0.2 ileile. Kwa watu wazima ni karibu 0.28. Uwiano wa 0.2 maana yake uhusiano unaeleza kama asilimia nne ya tofauti za matokeo kati ya kijana na kijana. Mtu akikuambia kwamba uhusiano ndio kila kitu, mwonyeshe hiyo asilimia. Akikuambia haufai kitu, mwulize ni jambo gani jingine ndani ya chumba kile analoweza kulibadilisha wiki ijayo bila gharama.

Angalia pia kipi kilitangulia. Kijana aliyeanza kulala vizuri baada ya vikao viwili atampenda mnasihi wake kwa sababu hiyo. Kwa hiyo pima mapema, kikao cha pili au cha tatu, kisha pima tena na tena, na dalili uzipime pembeni. Alama moja ya mwisho wa mradi haikuambii chochote ila kwamba walioondoka mapema hawakujaza.

Kupima wafanyakazi, hapana. Nakusihi. Siku mshahara utakapofungwa kwenye alama, kila mnasihi atajifunza namna ya kupata kumi, na tumeshaona kwamba kwa watoto wetu kumi hupatikana kwa kukaa tu na kutazama. Zitumie kwenye vikao vya usimamizi: kila mtu alete alama yake ya chini kuliko zote ya mwezi, mkae nayo pamoja. Ukianza wewe uliye mkubwa wao, watafuata.

Dada, shikamoo. Ni mnasihi mpya hospitalini, Morogoro. Binti wa miaka 16 mwenye sonona alikuwa ananipa 37, 38. Wiki iliyopita 29. Leo amesema "niko poa tu" kwa kila swali. Nimemkosea nini?

Marahaba. Jeremy Safran na Christopher Muran, waliochunguza kwa miaka mingi namna uhusiano wa tiba unavyochanika, walitaja sura mbili. Mmoja hukukabili: analalamika, anakupinga. Mwingine hujitoa: anakubali kila kitu, anajibu kwa mkato, anachelewa, anachezea simu. "Niko poa tu" ni ya pili, na ndiyo ya vijana wengi. Bahati yako karatasi ilikuambia wiki moja kabla.

Uingereza kulikuwa na jaribio kubwa la tiba za sonona kwa vijana 465 wa miaka 11 hadi 17, lililochapishwa mwaka 2017. Sally O'Keeffe na wenzake walisikiliza rekodi za baadhi ya walioacha tiba. Wapo walioacha kwa kutoridhika, na kwao michaniko ilijitokeza ikabaki bila kushonwa. Wapo walioacha kwa sababu walikwisha kupata walichokifuata, na uhusiano wao na mnasihi ulikuwa mzuri. Wapo ambao maisha yao yalikuwa yamevurugika kiasi cha kutoweza kufika. Asiyerudi si mara zote amekukimbia.

Huyu wako bado anakuja. Usimsubiri aseme, wala usimwulize "nimekukosea nini", maana utamlazimisha akupoze moyo. Rudi kwenye kikao cha 29, usome kumbukumbu zako, utafute dakika alipobadilika. Mara nyingi ni pale mnasihi alipotoa ushauri haraka au aliposema neno linalofanana na la mzazi. Kisha umwambie: "Nimefikiria kikao kile. Nadhani nilikimbilia kukushauri kabla hujamaliza. Kama ndivyo, naomba turudi pale." Kama umekosea dakika, atakurekebisha, na kukurekebisha huko ndiko kushona kwenyewe.

Mimi nina miaka 21, naongoza vikundi vya wanafunzi huku Bungoma. Sina shahada. Hivi vipimo ni vyetu pia?

Ni vyenu. Bungoma kwenu na Moshi kulifanyika jaribio la tiba kwa watoto yatima 640 wa miaka 7 hadi 13, lililochapishwa mwaka 2020, na waliotoa tiba ile kwa vikundi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Shamiri, shirika lililoanzia Kenya, nalo hutumia vijana wa umri wako kuongoza vikundi vya shuleni kwa vikao vinne. Moshi kuna mpango wa Sauti ya Vijana, kwa vijana wanaoishi na VVU, nao huongozwa na vijana wakubwa kidogo kuliko wanaowahudumia.

Faida yako ni kwamba hawakuamkii kama wanavyoniamkia mimi. Tahadhari yako ni kwamba katika kikundi kuna mahusiano mawili, la mtoto na wewe na la mtoto na wenzake, na la pili laweza kuvunjika bila wewe kuona. Yaulize mbali mbali. Kwa vikao vinne huna muda wa dodoso refu: swali moja kuhusu wewe, moja kuhusu wenzake, karatasi isiyo na jina, kila wiki.

Anti, shikamoo. Nina miaka 17, niko Arusha. Dada anayenishauri ananipa karatasi nimpime. Ni mtu mzuri, ila kuna kitu anafanya sikipendi: anaandika muda wote nikiongea. Nikiandika ukweli si ataumia?

Marahaba, mwanangu. Anaweza kuumia kidogo kwa dakika mbili. Mimi huumia. Halafu namshukuru aliyeniambia, kwa sababu wapo wengine sita wenye shida hiyohiyo walionyamaza.

Hukumkosea adabu. Karatasi ile amekupa yeye mwenyewe, kwa hiyo ukijaza kweli umemtii. Kama kuweka alama ya chini kunakuwia vigumu, weka alama unayoiweza, kisha chini yake andika sentensi moja: "Naomba usiandike ninapoongea, andika mwishoni." Wala huhitaji kueleza kwa nini.

Akipunguza kuandika, utajua karatasi inafanya kazi. Akikasirika, au ukaona anakulipizia, mwambie mtu mzima mwingine unayemwamini. Na kama kuna siku mambo yanakuzidi na hayupo wa kumwambia, namba 116 ya watoto na vijana hupigwa bure Tanzania, na Kenya pia.